Kushusha pikapu bila kuivunja mgongo: mwongozo kamili kwa anayeendesha Kigoma

Nenda Kibirizi asubuhi mitumbwi inaporudi, usimame kando ya pikapu yoyote inayopakia dagaa. Utaona vijana wawili wanabeba gunia mpaka usawa wa tumbo, halafu wanalisukuma juu kwa nguvu ili lifike kwenye bodi. Sokoni Mwanga ni hivyo hivyo kwa mawese. Dumu la lita 20 lina zaidi ya kilo 18, kwa hiyo aliyepakia madumu 40 kwa siku amenyanyua kilo 700 na ushee kwa mikono yake. Bodi ikishuka sentimita 5 tu, mgongo wa mpakiaji unazihisi.

Hiyo ndiyo sababu iliyonifanya nijifunze kazi hii ya kupunguza kimo cha pikapu. Wapo wanaoshusha kwa kuwa gari lililolala linapendeza machoni, na wapo waliochoka kuyumba kwenye kona za kupanda Kalinzi. Sababu zote naziheshimu. Ninachokikataa ni namna kazi yenyewe inavyofanywa mara nyingi: springi inakatwa kwa gesi, majani mawili yanachomolewa, kipande cha mti kinapachikwa kwenye ekseli, gari limeshuka, lipa uondoke.

Sentimita unazoshusha zinatoka mahali. Zinatoka kwenye ile nafasi ambayo ekseli huitumia kupanda gari linapokanyaga shimo au tuta. Shokapu, propela (fimbo inayopeleka nguvu kutoka boksi la gia hadi ekseli ya nyuma), mipira ya breki, hata valvu ya breki za nyuma, vyote vilipangwa kwa kuhesabu nafasi hiyo. Ukiichukua bila kuvirekebisha vilivyokuwa vikiitegemea, gari litakudai, na litadai siku ya mvua.

Nitaeleza kazi ya kushusha sentimita 4 hadi 5, yaani kama inchi 2, kwenye pikapu inayovuta kwa matairi ya nyuma tu. Kwa barabara zetu zenye matuta kila kijiji, sishauri zaidi ya hapo. Pikapu inayovuta kwa matairi manne iache ilivyo, maana shafti za mbele zikipinda kupita kawaida mipira yake hupasuka, na gololi za ndani hufuata.

Chungulia chini kwanza

Lala chini na tochi. Mbele unatafuta aina ya springi. Hilux nyingi za zamani, Nissan Hardbody na Isuzu KB zina tosheni ba: fimbo nene ya chuma inayotoka kwenye mkono wa gurudumu, inapita chini ya sakafu kurudi nyuma, na kuishia kwenye chesisi karibu na miguu ya dereva. Mwishoni mwake kuna bolti ndefu ya kurekebisha kimo. Ukiiona hiyo, kazi ya mbele imekuwa nyepesi. Ukiona springi ya kuzunguka iliyovikwa shokapu, kama kwenye Hilux za kizazi kilichoanza 2004, kazi ni nyingine, nitaigusa baadaye.

Nyuma karibu zote zina springi za bapa, zile za jani juu ya jani. Swali ni moja: springi iko chini ya ekseli au juu yake? Usilijibu kwa kukumbuka, lijibu kwa macho. Springi ikiwa chini ya ekseli, bloku ya chuma ikiwekwa katikati yao inainua ekseli, kwa hiyo gari linashuka. Springi ikiwa juu ya ekseli, bloku ile ile italinyanyua gari. Nimeliona hilo likitokea: kijana kanunua bloku, kafunga, kashusha jeki, halafu akaita, "Kaka, mbona imekuwa ndefu?" Alikuwa ametumia siku nzima.

Kwa pikapu ambayo springi iko juu ya ekseli, njia ya kuhamishia ekseli upande wa pili ipo, lakini inashusha kwa sentimita 12 na zaidi, inataka kukata na kuimarisha chesisi, na inaiacha chesisi karibu mno na barabara. Mwenye gari kama hilo apeleke springi kwa fundi springi anayezilaza kwa kuzigonga zikiwa baridi, ashuke sentimita 3 au 4 aridhike. Unaweza pia kubadilisha shakeli, kile kiungo kinachoshikilia ncha ya springi kwenye chesisi, lakini kumbuka kwamba inasogeza ncha moja tu ya springi, hivyo badiliko la sentimita 4 kwenye shakeli linafika kwenye ekseli kama sentimita 2.

Pima gari likiwa tupu, halafu pima likiwa na mzigo

Hapa ndipo wengi wanaporuka, na hapa ndipo kazi inapoharibikia.

Egesha kwenye saruji iliyo sawa, jaza upepo matairi yote kwa kipimo chake, mafuta nusu tangi, bodi tupu. Shika futi. Usipime kutoka chini hadi madigadi, kwa sababu tairi lililolika litakudanganya. Pima kutoka katikati ya gurudumu kwenda juu hadi ukingo wa madigadi, pembe zote nne, uandike. Halafu ingia chini upime pengo kati ya ekseli ya nyuma na raba ya stopa, ile raba nene iliyofungwa kwenye chesisi ili ekseli isigonge chuma kwa chuma.

Sasa pakia. Huhitaji mzani: azima madumu 25 ya lita 20, uyajaze maji bodini. Hizo ni kilo 500 na uzito wa madumu yenyewe. Kama wewe kawaida yako ni kilo 700, ongeza madumu 10. Pima tena pengo la raba.

Chukua mfano: pengo tupu lilikuwa sentimita 10, na mzigo limebaki 6. Ukishusha 5, ukiwa na mzigo utabakiwa na 1. Tuta la kwanza utakalokutana nalo ukitoka Mwandiga, ekseli itagonga, na kila kishindo kitaishia kwenye hanga za springi na chesisi. Kwa gari hilo shusha sentimita 2, au ukate raba ya stopa ipungue urefu. Lakini kabla ya kuikata, hakikisha ekseli ikipanda zaidi haitakutana na bomba la ekzosi, na tairi halitagusa bodi. Raba usiing'oe kabisa. Mimi sikabidhi gari ambalo pengo lake, likiwa na mzigo wa kila siku, liko chini ya sentimita 4.

Kuna kipimo kingine cha dakika mbili. Vuta kamba chini kabisa kutoka tairi la mbele hadi la nyuma, ikaze, uangalie ni kitu gani kiko karibu nayo katikati. Toa sentimita unazotaka kushusha. Kilichobaki ndicho kitakachopita juu ya tuta. Mara nyingi kinachoning'inia ni sailensa, na kuipandisha sailensa ni kazi ndogo kuliko kuinunua tena.

Vifaa

Jeki mbili, stendi nne za chuma, vigingi vya kuzuia matairi, boksi spana na bomba refu la kuongezea nguvu, spana ya kupima torki, yaani nguvu ya kukazia (azima kama huna), futi, rangi ya kuwekea alama. Bloku mbili za chuma zinazolingana, zenye tundu la kupokea kichwa cha senta bolti (bolti inayobana majani ya springi katikati) upande mmoja na kichwa cha kuingia kwenye ekseli upande wa pili. Yubolti nne mpya (bolti za umbo la U zinazofunga springi na ekseli) zilizo ndefu kuliko za zamani kwa kimo cha bloku, na nati zake mpya. Yubolti ikishakazwa mara moja imeshavutika, usiirudishe. Bloku mbili usizipange moja juu ya nyingine, na mti usiuweke kabisa: unanywa maji masika, unasinyaa kiangazi, yubolti zinalegea bila wewe kujua.

Nyuma ndiyo iwe ya kwanza

Nyuma bloku ndiyo inayoamua kimo, huna la kurekebisha baadaye. Mbele kuna bolti. Kwa hiyo anza nyuma, mbele ifuate.

Usiku wa kuamkia kazi, lowesha nati za yubolti kwa dawa ya kutu. Asubuhi zuia matairi ya mbele, zilegeze nati kidogo gari likiwa bado chini. Kisha nyanyua chesisi mbele kidogo ya springi, weka stendi pande zote mbili, toa matairi. Jeki ya pili iwe chini ya difu, lile bonge la katikati ya ekseli, ishike ekseli. Usiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake, hata kwa kuokota spana.

Kabla ya kufungua chochote, tafuta kifimbo kinachotoka kwenye ekseli kwenda kwenye valvu ya breki iliyofungwa kwenye chesisi. Chora mstari wa rangi unaopita kwenye mkono wa valvu na mwili wake. Mstari huo utakuokoa baadaye.

Fungua bolti za chini za shokapu. Kichomoe kifimbo cha valvu kwenye ekseli, ulegeze kishikizo cha kebo ya hendibreki. Sasa upande mmoja kwa wakati: toa yubolti, pandisha ekseli kwa jeki polepole huku ukiangalia mpira wa breki usivutike, ingiza bloku juu ya springi, hakikisha kichwa cha senta bolti kimezama tunduni, kisha teremsha ekseli ikae. Ukihisi inacheza, haijazama. Ipandishe tena. Bloku iliyokaa upande inasukuma ekseli nzima iende mshazari, na gari litatembea kama kaa.

Vaa yubolti mpya, kaza kwa mkono kwa kupishana pembe kwa pembe ili bamba la chini lishuke sawa. Fanya upande wa pili. Rudisha matairi, teremsha gari chini, litikise, ndipo ukaze kwa torki ya kitabu cha gari lako. Kama ulilegeza bolti za bushi za springi, hizo nazo zikazwe gari likiwa limesimama kwa miguu yake. Zikikazwa gari likiwa hewani, bushi zinabaki zimejipinda na kukatika mapema.

Valvu ya breki: usiondoke hapa upesi

Pikapu ya kwanza niliyoishusha mwenyewe niliipima, nikafunga bloku vizuri, nikakaza kila kitu. Kifimbo cha valvu nilikirudisha kilipokuwa, nikaona kazi imekwisha. Wiki ya pili, manyunyu ya Novemba, natoka Mwanga kushuka kuelekea stesheni, bodi tupu. Bajaji ikakata mbele yangu, nikakanyaga breki kawaida tu. Nyuma ikaja upande wa kulia, nikajikuta natazama nilikotoka. Hakuumia mtu. Nilikaa kando ya barabara muda mrefu mikono ikitetemeka, kisha nikaingia chini ya gari palepale.

Ile valvu kazi yake ni kusoma mzigo. Bodi likijaa, chesisi inashuka karibu na ekseli, kifimbo kinausukuma mkono wa valvu, na breki za nyuma zinapewa nguvu zaidi, kwa sababu matairi yenye mzigo yanashika barabara. Bodi likiwa tupu, inazipunguzia nguvu ili matairi ya nyuma yasifunge. Sasa wewe umeisogeza ekseli karibu na chesisi kwa sentimita 5. Valvu haijui habari ya bloku. Inaona gari limejaa, siku zote, na inazipa breki za nyuma nguvu ya gari lenye mzigo wakati bodi ni tupu na lami imelowa.

Dawa yake ni kuishusha ile ncha ya kifimbo iliyo kwenye ekseli kwa kiasi kile kile ulichoshusha gari. Tengeneza kipande cha bapa cha chuma cha milimita 5 au 6, toboa matundu mawili yaliyoachana kwa kimo cha bloku, kifunge kwenye kishikio cha zamani, kifimbo kishike tundu la chini. Kisha tazama mstari wako wa rangi, gari likiwa chini, bodi tupu: mkono wa valvu uwe umerudi kwenye mstari. Kama kishikio cha kiwandani kina sehemu ya kurekebisha, anzia hapo. Zungusha usukani, tikisa gari, uone hakuna kinachogusana.

Hapa pia ndipo utaelewa kwa nini nakataa kuchomoa majani ya springi. Bloku haibadilishi ugumu wa springi: kilo 500 zitaishusha chesisi kiasi kile kile kama zamani, na valvu itasoma sawa. Ukichomoa majani, mzigo ule ule utaishusha zaidi, na valvu itadanganyika upya hata kama umeirekebisha ikiwa tupu.

Jaribu mahali pasipo na watu, kwenye changarawe, mwendo wa kilomita 30 kwa saa, mtu asimame pembeni atazame matairi. Ukikanyaga kwa nguvu, ya mbele ndiyo yafunge kwanza. Ya nyuma yakitangulia, gari halijawa tayari kutoka gerejini. Na asikushawishi mtu kuiziba valvu.

Propela

Difu imepanda, boksi la gia liko palepale, kwa hiyo mwelekeo wa propela umebadilika. Weka programu ya levo kwenye simu, uegemeze simu kwenye sehemu bapa ya shingo ya difu, kisha kwenye sehemu bapa ya mkia wa boksi la gia. Viwili hivyo vinatakiwa vielekee karibu sawa. Tofauti ya digrii 1 hadi 3 inavumilika. Ikizidi, utasikia mtetemo chini ya kiti ukifika 60 au 80, na krosi, yaani viungo vya ncha za propela, zitakufa. Rekebisha kwa kipande cha chuma chenye mteremko kati ya bloku na springi. Propela ya vipande viwili, angalia pia senta beringi.

Mbele

Weka alama ya rangi kwenye fimbo na kwenye kishikio chake, kushoto na kulia. Pima urefu wa uzi wa bolti uliojitokeza, uandike. Fimbo hizi zimebeba uzito wa gari kwa kujisokota, kwa hiyo nyanyua mbele, stendi kwenye chesisi, magurudumu yaning'inie kabla ya kugusa bolti. Hapo mzigo umepungua na uzi hautaharibika.

Legeza nati ya kufungia, zungusha bolti ya kurekebisha mizunguko miwili kwa kuilegeza, upande wa pili vivyo hivyo. Teremsha gari, bonyeza bampa mara kadhaa, kisha lisukume mbele na nyuma mita 5 au 6. Usipolisukuma matairi yanabaki yamejibana, na kipimo utakachosoma ni cha uongo. Pima katikati ya gurudumu hadi madigadi. Rudia mpaka ufike. Ni kazi ya subira, mara tano, sita. Kulegeza bolti hakuifanyi fimbo kuwa laini, kunashusha kimo tu.

Mbele pia kuna raba za stopa kwenye mikono, na mara nyingi pengo lake ni dogo kuliko la nyuma. Bakiza angalau nusu ya pengo la awali. Kwa gari la mzigo acha nyuma iwe juu kuliko mbele kwa sentimita 2 au 3. Likipakia litakuwa sawa.

Wenye springi za kuzunguka: nunua springi fupi zilizotengenezwa kwa gari lako. Usizipashe moto. Chuma cha springi kimepikwa na kupoozwa kwa kipimo maalumu ili kirudi kila kikibonyezwa. Moto wa gesi unakiondolea tabia hiyo sehemu moja, na sehemu hiyo ndiyo itakayolala au kukatika.

Shokapu

Gari likiwa chini na bodi tupu, pima shokapu kutoka bolti hadi bolti. Linganisha na urefu wake ikiwa imebonyezwa yote. Tofauti hiyo inapaswa kuzidi pengo la raba ya stopa. Ikiwa ndogo, shokapu ndiyo itakayogonga kwanza, na itapasuka. Tafuta fupi. Hakuna ujanja mwingine.

Kabla ya kuingia barabarani

Rudisha madumu yako ya maji, pakia mzigo ule ule wa kwanza, endesha kilomita chache kupitia matuta mawili matatu taratibu. Kabla ya kutoka, paka grisi juu ya ekseli chini ya raba ya stopa. Ukirudi, tazama raba: ikiwa na grisi, imegusa. Kugusa kidogo kwenye tuta kali si neno, lakini ikiwa imechubuka, rudi kwenye vipimo.

Alaimenti, yaani kupanga upya mkao wa matairi, ni lazima. Mbele ikishuka, matairi yanalala juu kuelekea ndani na tairodi zinabadilisha mwelekeo, na usipofanya, tairi jipya litalika ukingo wa ndani upesi sana. Taa za mbele zipime ukutani usiku. Kampuni yako ya bima iambie ulichobadilisha kabla ya ajali, si baada. Weka pia karatasi ya vipimo vyako kwenye gari. Askari wa ukaguzi akiuliza, utakuwa na la kumwonyesha.

Baada ya kilomita 100, ingia chini na spana ya torki. Jaribu kila nati ya yubolti kwa kipimo kile kile. Nati ikisogea, ikaze na urudie baada ya kilomita nyingine 100. Zikikaa zote bila kusogea, zipige mstari wa rangi unaovuka nati na bamba, ili kila ukibadilisha oili utazame mara moja tu kama mstari umekatika.